Tubane Matumizi ya Maji, Sawa. Lakini Abane Nani?

Leo naomba tuongee kidogo kuhusu maji. Najua wengine mtasema "ah, maji tena!" Lakini subirini kwanza, kuna hesabu humu ndani ambayo ukishaipiga hutaliangalia dumu kwa jicho lile lile.

Kila mara mto Ruvu ukipungua, wakazi wa Dar es Salaam tunasikia wimbo ule ule. Mvua hazikunyesha, mto umeshuka, mgao unaanza, na wananchi mnaombwa kutumia maji kwa uangalifu. Ilikuwa hivyo kwenye ukame wa 2005 na 2006, mwaka ambao tulikosa maji na umeme kwa pamoja maana mabwawa nayo yalikauka. Ikaja tena mwishoni mwa 2021, vuli ilipogoma. Kabla hatujasahau, 2022 mwezi wa kumi tukawekewa ratiba nyingine ya mgao. Sasa tusijidanganye, kitu kinachojirudia hivi hakiitwi tena dharura.

Mimi sina ugomvi na neno "uangalifu". Maji ni mali, na kuyachezea ni dhambi. Ninachouliza ni kimoja tu: anayeambiwa abane ni nani?

Hebu tuanze na uswahilini kwetu. Nyumba ya kupanga, vyumba sita, bomba liko uani kama lipo, au hakuna kabisa na watu wananunua kwa muuza maji anayesukuma mkokoteni. Mama yangu hajawahi kuhudhuria semina yoyote ya mazingira, lakini angeweza kuwafundisha wataalamu. Maji ya kuoshea mchele yanakwenda kuoshea vyombo vyenye masizi. Maji ya kufulia nguo nyeupe yanafulia za rangi, kisha yanapiga deki, na yanayobaki yanamwagwa chooni. Yaani ndoo moja ina kazi nne! Mtu anaoga kwa kopo, lita kumi zinamtosha mpaka masikioni. Sasa mtu huyo ukimwambia "punguza matumizi", unataka apunguze nini? Asioge?

Halafu kuna bei. Mgao ukikaza, mtaani kwetu dumu la lita 20 linafika shilingi 500. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50. Piga mara 500: ni shilingi 25,000 kwa uniti moja. Mwenye bomba na mita ndani ya geti lake analipa sehemu ndogo sana ya hizo kwa uniti hiyo hiyo, na anayatumia kumwagilia majani na kuosha gari kwa mpira. Maskini ndiye anayenunua maji kwa bei ya juu, na ndiye anayehubiriwa kuyabana. Hapa ndipo penye utata.

SASA TUJE KWENYE HESABU KUBWA

Maji mengi ya Dar yanatoka mto mmoja, Ruvu, kupitia mitambo miwili. Ruvu Juu ni wa tangu 1959, na Ruvu Chini ni wa miaka ya 1970. Yote ilipanuliwa katikati ya miaka ya 2010: Ruvu Chini ukapewa uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu lita milioni 196. Jumlisha, unapata lita milioni 466 kwa siku. Si haba.

Lakini kwa miaka mingi taarifa za EWURA, wale wanaodhibiti huduma za nishati na maji, zimekuwa zikionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya maji yanayozalishwa kwa ajili ya jiji hili yanapotea bila kulipiwa. Naomba nieleweke: si yote yanamwagika ardhini. Sehemu ni mabomba yaliyopasuka, sehemu ni watu waliojiunganishia kienyeji, na sehemu ni mita mbovu zisizosoma. Lakini yote ni maji ambayo yamevutwa kwa umeme, yametiwa dawa, yamesafirishwa kilomita kadhaa, halafu hayamo kwenye hesabu.

Chukua theluthi tu ya hizo lita milioni 466. Ni kama lita milioni 155 kwa siku. Gawanya kwa 20: ni madumu zaidi ya milioni saba na nusu KILA SIKU!! Linganisha na mradi wa visima vya Kigamboni uliozinduliwa na Rais Samia Novemba 2022. Ule uwezo wake ni lita milioni 70 kwa siku, na watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Kinachopotea mitamboni zikiwa zimejaa ni zaidi ya mara mbili ya mradi mzima wa Kigamboni.

Kwa hiyo mbinu ya kwanza ya kuhifadhi maji Dar es Salaam haiko jikoni kwa mama yangu. Iko chini ya barabara. Ni kutafuta mabomba yanayovuja, kuyabadilisha yaliyozeeka, kupunguza presha usiku wakati watu wamelala ili yasipasuke, na kufunga mita kila eneo ili ijulikane maji yameingia kiasi gani na yametoka kiasi gani. Ni kazi isiyo na utepe wa kukata. Pengine ndiyo maana haina wapenzi.

Kuna watakaosema dawa ni kubadilisha mwendeshaji. Tulishajaribu, jamani. Agosti 2003 kampuni ya City Water, yenye wabia kutoka Uingereza, Ujerumani na hapa nyumbani, ilikabidhiwa kazi ya kuendesha maji ya Dar kwa mkataba wa miaka kumi. Mei 2005 serikali ikauvunja, ikaundwa DAWASCO, na kesi zikafuata nje ya nchi. Baadaye DAWASCO nayo ikaunganishwa na DAWASA mwaka 2018. Majina yote hayo yamepita juu ya mabomba, na mengine yalikuwa yale yale. Bomba halijui jina la kampuni. Linajua kama limeshindiliwa vizuri au halijashindiliwa.

CAPE TOWN WALIFANYAJE?

Mwanzoni mwa 2018 jiji la Cape Town, Afrika Kusini, lilibakiza miezi michache lifunge mabomba ya majumbani kabisa, watu wakapange foleni vituoni. Tarehe mosi Februari mwaka huo wakaweka kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku. Na walifanikiwa. Jiji lililokuwa likitumia lita zaidi ya bilioni moja kwa siku miaka mitatu nyuma likashuka mpaka karibu nusu yake, siku ile ya kufunga ikaahirishwa, na katikati ya mwaka mvua zikarudi.

Watu wengi wanasimulia habari hii kana kwamba ni ya kuoga haraka haraka. Walioga haraka, ni kweli. Lakini angalia na mengine. Jiji lilitangaza kina cha mabwawa kila wiki ili kila mtu aone. Waliotumia maji mengi walipandishiwa bei vibaya sana. Presha ya mabomba ikapunguzwa. Wakaweka hata ramani yenye vidoti vya kijani kuonyesha nyumba zinazobana matumizi. Na wakulima wa bonde la jirani walifungulia jiji maji ya mabwawa yao. Yaani mzigo uligawanywa: mwenye kutumia sana alibanwa sana, na mamlaka nayo ilibanwa ionyeshe namba zake hadharani.

Sasa zile lita 50, ambazo kwa wenzetu zilikuwa adhabu ya dharura, zilete uswahilini. Lita 50 ni madumu mawili na nusu kwa mtu. Familia ya watu sita ni madumu 15 kwa siku. Kwa shilingi 500 ni 7,500 kwa siku, maji tu, kabla hujanunua hata unga! Ninavyowajua majirani zangu, hakuna anayefika huko. Tunaishi chini ya kikomo cha dharura cha Cape Town mwaka mzima bila kutangaziwa dharura.

TUPANDE MLIMANI KIDOGO

Kuna sehemu nyingine ya habari hii ambayo sisi wa mjini huwa hatuiangalii. Ruvu haianzii Mlandizi. Inaanzia milima ya Uluguru, Morogoro. Kule juu msitu ukikatwa na shamba likalimwa kwenye mteremko bila kinga, mvua inaporomoka na udongo mwekundu badala ya kuzama taratibu. Matokeo yake mto unajaa kupita kiasi masika na kunywea kiangazi. Mkulima wa kule hana nia mbaya na wewe wa Manzese. Ana njaa na ana mteremko.

Historia ina somo hapa. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kitaalamu wazo la kuzuia udongo lilikuwa na maana, lakini sehemu nyingi matuta yale yalifukua udongo usio na rutuba, mavuno yakashuka, na kazi ikawa ni amri tupu. Julai 1955 watu wakachachamaa kule Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukafa nao.

Nusu karne baadaye, kuanzia 2006, mashirika ya CARE na WWF yalikuja na njia nyingine milimani hapo hapo, upande wa Kibungo. Mkulima anayechimba makinga maji, anayepanda miti na kuacha kulima kingo za mto analipwa, na fedha zinatoka kwa wanaofaidi maji kule chini. DAWASCO na kampuni ya Coca-Cola zilikubali kuwa wanunuzi. Malipo hayakuwa makubwa, na mpango haukuenea ukafunika bonde lote. Lakini wazo ni zuri mno: mto ni kama biashara, na anayelinda duka naye ale. Leo kuzungumzia "kutunza vyanzo vya maji" huku tunamwachia mkulima gharama zote ni kurudia ya mkoloni kwa lugha ya upole.

Na tusisahau kuhifadhi kwa maana ya kuweka akiba hasa. Ruvu inapofurika, maji yote yanateremka na kumwagika baharini kule Bagamoyo, sisi tunayapungia mkono. Miezi sita baadaye tunaanza kuomba mvua. Bwawa la Kidunda, ambalo limeongelewa kwa miongo mingi, linalenga kuzuia hilo kwa kuhifadhi lita bilioni 190. Mkataba wa kulijenga ulisainiwa Novemba 2022. Wazee wa Upare walielewa jambo hili zamani sana. Wanachimba ndiva, bwawa dogo la kukinga maji ya mfereji usiku, asubuhi wanayafungulia mashambani kwa zamu, na anayeiba zamu ya mwenzake anakiona cha moto. Hakuna maji yanayopita usiku watu wakiwa wamelala.

NA SISI JE?

Msije mkadhani nimeandika haya ili kijana akae kijiweni aseme "serikali, serikali" huku bomba la uani linatiririka. Hapana. Kuna mambo yapo mikononi mwetu, na nimeyapanga kwa kuanza na lenye faida zaidi.

1. Bati lako ni kisima. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Dar inapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 8 ni mita za mraba 80, kwa hiyo lita 80,000 kwa mwaka. Toa robo ya kumwagika na kuvuja, zinabaki 60,000. Hayo ni madumu 3,000. Shida ni pa kuyaweka, maana mvua za masika na vuli zinakuja kwa fujo halafu zinaondoka. Simtanki la lita 1,000 kwa paa hilo linajaa kwa mvua moja tu ya maana. Halitakutosha mwaka, lakini litakuvusha wiki za mgao usinunue kwa 500. Weka gata upande mmoja kwanza, acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo uanze kukinga. Ya kunywa chemsha au tia dawa.

2. Funika. Pipa lililo wazi ni hoteli ya mbu. Mbu wa homa ya dengue, iliyotusumbua Dar 2014 na tena 2019, anapenda maji safi yaliyotulia majumbani kuliko mtaro mchafu. Usije ukahifadhi maji ukavuna ugonjwa.

3. Dawa ya koki. Koki inayodondosha na kujaza kikombe cha robo lita kwa dakika 15 inamwaga lita 24 kwa siku. Hilo ni dumu zima na chenji! Mpira wa ndani wa koki ni vijisenti tu, na fundi bomba anaubadilisha huku mnapiga soga.

4. Pima usiku. Mwenye mita afunge koki zote kabla ya kulala, aandike namba, asubuhi aangalie tena. Kama imesogea na hakuna aliyeamka, kuna bomba linavuja mahali, na bili unalipa wewe.

5. Wenye vyoo vya kuflashi. Matanki ya zamani yanamwaga lita tisa na zaidi kwa mara moja. Jaza chupa ya lita moja na nusu, funga kizibo, izamishe ndani ya tanki pembeni isiguse vyuma. Kila ukivuta umeokoa lita moja na nusu, bila kununua chochote. Ikiwa una maji ya kufulia, tumia hayo kabisa.

Najua swali litakalokuja: mimi mpangaji, kwa nini ninunue tanki nimwachie mwenye nyumba? Swali la haki. Lakini wapangaji sita mkikubaliana na mwenye nyumba kwa maandishi, mkakata kwenye kodi kidogo kidogo, tanki linakuwa la nyumba na gharama haimwangukii mmoja. Kina mama wa vikoba na upatu wamenunuliana makochi na vyombo kwa zamu miaka yote. Simtanki kwa zamu linashindikana vipi?

TUNACHOTAKIWA KUDAI

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema wazi kwamba maji ya matumizi ya nyumbani ndiyo yanapewa kipaumbele cha kwanza, kisha yanafuata ya kulinda mazingira. Kilimo na viwanda vinakuja baadaye. Kwa hiyo mto ukishuka, mwenye shamba kubwa na pampu ndiye anatakiwa azimiwe kwanza kabla ya dumu langu. Mwishoni mwa 2021 tuliona hatua za namna hiyo zikichukuliwa dhidi ya waliokuwa wakivuta maji huko juu, lakini baada ya mto kushuka. Tunataka ifanyike mapema, kwa utaratibu unaojulikana.

La pili, namba. Tutangaziwe kila wiki, hata kwenye simu: Ruvu ina maji kiasi gani, yamezalishwa kiasi gani, yamepotea kiasi gani. Cape Town waliweza. Mtu hawezi kubana kitu asichokiona.

La tatu, kabla ya kiongozi yeyote kutuambia "tumieni maji kwa uangalifu", aanze kwa kutuambia mwaka huu amepunguza upotevu kwa asilimia ngapi. Akishasema hilo, nami nitamweleza mama apunguze. Ingawa sijui atapunguza wapi.

Naomba niishie hapa maana muda wa kafe unayoyoma na mhudumu ameshaanza kuniangalia kwa jicho baya. Wadau mnasemaje? Huko kwenu dumu linauzwa shilingi ngapi mgao ukikaza? Kuna yeyote aliyekubaliana na mwenye nyumba wake kuhusu tanki? Wa Moro mlioko karibu na Uluguru, tupeni hali halisi ya huko juu. Wa Mwanza mlio kando ya ziwa, msitucheke, nanyi tusimulieni maana nasikia kuna mitaa inaliona ziwa kwa macho tu.

Nawakilisha.